Biira Wawili, Barua Moja

Droo ya chini kabisa ya lile kabati la chuma, ile inayokwama, msiivute kwa nguvu. Inueni kidogo kwa goti, halafu vuteni. Mimi na mke wangu tuliivuta hivyo miezi kumi na minane, tulipokuwa wamisionari wazee wa ofisi pale Kasese, magharibi mwa Uganda, na goti langu la kulia linaikumbuka mpaka leo. Ndani mtakuta bunda la kadi limefungwa kwa mpira. Msizitupe. Mtu akiwaambia mzitupe, mwambieni Mzee Stoo amekataa, na kama ana la kusema anifuate Bungoma tuzungumze.

Mzee Stoo ndiye mimi. Nilitoka Bungoma nikiwa kijana, nikamfuata mjomba wangu aliyekuwa akifanya kazi mgodini huko Kasese, na mgodi ulipodorora nikaajiriwa stoo katika kiwanda cha saruji. Nilikaa humo mpaka nikastaafu. Kanisa lilipotafuta mume na mke wazee wa kujitolea katika ofisi ya misheni, mimi nilianza kueleza habari za mgongo wangu. Nasimiyu, mke wangu, alikubali kabla sijameza chai iliyokuwa mdomoni. Kwa hiyo mkitaka kujua nani aliitwa na nani alisindikiza, jibu ni hilo.

Mmeniomba niwaandikie jinsi kazi ilivyokuwa, nyinyi vijana mnaoingia sasa. Nitasema ninavyokumbuka, na mambo hayatafuata mstari. Miaka ile ya elfu mbili na kumi na kitu tulikuwa na wamisionari vijana wa kutoka Uganda kwenyewe, Kenya na Kongo, wakikaa wawili wawili katika vyumba vya kupanga, kuanzia Nyamwamba hapo mjini hadi Bwera kwenye mpaka wa Kongo. Ofisi ndiyo iliyokuwa mama yao. Neti, magodoro, dawa za malaria, pasipoti, barua kutoka nyumbani, na kadi za waumini wote wa sehemu ile, vyote vilipita mikononi mwetu.

Kukagua vyumba ilikuwa kazi ya Nasimiyu, na aliipenda kupita kiasi. Alikuwa na pua ya ajabu. Vijana walifagia, wakapanga viatu, wakasimama mlangoni wakitabasamu, naye akapita moja kwa moja hadi kwenye sufuria, akafunua kifuniko, akawatazama.  Mara moja kijana mmoja wa Kisumu aliungama mambo matatu ambayo hatukuwa tumeyaona. Lakini kuhusu neti nawapa elimu yangu mimi. Ukitaka kujua kama kijana analala ndani ya neti, usimwulize, kwa sababu atasema ndiyo. Tazama fundo alilofunga kuiinua mchana. Fundo likiwa na vumbi, huyo hajaishusha wiki nzima, na malaria iko njiani.

Elimu hiyo ya kutazama vumbi nilipewa na Mzee Otim, aliyekuwa mkuu wa stoo kiwandani nilipoanza kazi. Alikuwa mtu mrefu, mkali, mwenye kalamu sikioni hata akiwa kanisani. Alinifundisha kila nilichojua, na sheria yake kubwa ilikuwa kitu kimoja, kadi moja. Beringi ya mashine ikiwa na kadi mbili, alisema, siku moja kadi moja itasema ipo na nyingine itasema imekwisha, na kiwanda kitasimama kwa sababu ya upumbavu wako. Alinishika sikio alipokuwa akisema. Nilishika sheria hiyo miaka yote, na mashine hazikuwahi kusimama kwa kosa langu. Namshukuru sana Mzee Otim, ingawa sheria yake ndiyo iliyokuja kuniumbua uzeeni.

Ilikuwa hivi. Tulipofika ofisini, waumini walikuwa katika kadi za karatasi, na tukaambiwa tuziingize zote kwenye kompyuta. Nasimiyu alijifunza kompyuta kwa wiki mbili. Mimi nilisema siwezi kuingiza uchafu katika mashine safi, kwanza nitapanga kadi. Nikazimwaga mezani. Masika, Masika, Biira, Masika, Biira, Biira, Kabugho, Baluku, Baluku, Bwambale. Nilicheka kwa sauti. Nikasema walionitangulia hapa walikuwa wamelala usingizi, mtu mmoja ameandikwa mara tatu.

Wenyeji wa kule mnaosoma hapa najua mmeshashika vichwa. Kwa wengine nieleze. Kwa Wakonzo, wenyeji wa Kasese, jina linakaa likimsubiri mtoto. Binti wa kwanza ni Masika, wa pili ni Biira, wa tatu ni Kabugho. Kijana wa kwanza ni Baluku, wa pili Bwambale, na wanaendelea hivyo. Kila nyumba ina Biira wake, mradi mabinti wamefika wawili. Ukipita sokoni ukaita Biira, sokoni hapatakalika.

Na mimi nilijua. Hilo ndilo linaloniuma. Nilikuwa nimeishi na Wakonzo zaidi ya nusu ya maisha yangu. Kiwandani tulikuwa na Baluku wa kreni, Baluku wa geti na Baluku Mfupi, na sikuwahi kuwachanganya. Lakini kadi zilipokaa mbele yangu juu ya meza, Mzee Stoo alimsukuma pembeni yule mtu aliyeishi Kasese, akashika kazi. Nasimiyu aliniambia niulize kwanza. Nikamwambia kazi ya kadi nilianza kabla hajajua kuchemsha chai, jambo ambalo si kweli na pia halikunisaidia chakula cha jioni.

Sikuwa mjinga kabisa, jamani. Kadi mbili zilipofanana jina la Kikonzo tu, niliziacha. Nilitafuta zilizofanana kila kitu. Ndipo nikampata Biira Yunisi wa Kitswamba, baba Baluku, mama Masika, na Biira Yunisi wa Bwera, baba Baluku, mama Masika, mwaka wa kuzaliwa mmoja. Nikasema huyu ni msichana mmoja, alihama. Kadi ya Bwera ilikuwa mpya zaidi, nikaipeleka kwenye kompyuta. Ya Kitswamba nikaitia katika bunda, kwa sababu mtu wa stoo hatupi karatasi hata akiwa na uhakika. Kazi ile ilinichukua siku nne na nilijisikia vizuri sana.

Miezi ikapita. Siku moja ikaja ripoti ya wiki kutoka kwa vijana wetu wa Kitswamba, na katikati ya habari za madarasa na tairi la baiskeli kulikuwa na mstari mmoja, kwamba dada Biira Yunisi amefariki. Niliangalia kompyuta. Biira Yunisi alikuwa mmoja tu, wa Bwera, mama yake Masika. Nikadhani msichana alifia Kitswamba alikokuwa akiishi zamani, na mama yuko Bwera. Nikamwambia Nasimiyu aandike.

Barua za rambirambi Nasimiyu hakuzipiga chapa kamwe. Aliandika kwa mkono, kwa kalamu ya wino wa bluu, na hakuandika nyingine siku hiyo. Nakumbuka maneno ya ile kwa sababu nilikuja kuyasikia yakisomwa. Aliandika kwamba hatukupata kumjua binti yao vizuri na kwamba hilo tunalijutia, kwamba jina lake tunalitaja kila tunaposali, na kwamba mama asidhani analia peke yake. Barua ikaingia katika mfuko wa barua za wiki wa kwenda Bwera. Sikuifikiria tena.

Baada ya siku tano, asubuhi, simu ikalia. Alikuwa Bwambale, mwalimu wa shule aliyekuwa kiongozi wa kanisa letu dogo la Bwera, mtu mpole ambaye hata akidai haki yake husikii. Alitoa salamu zote, akauliza habari za mama, habari za mgongo. Kisha akasema, "Muzee, tunashukuru ile barua. Nilimusomea mama mimi mwenyewe. Tunauliza tu, maiti itafika lini? Batu beko hapa kwa matanga siku ya tatu."

Nilimwuliza maiti gani. Akasema ya Biira. Akaeleza taratibu kwamba binti alikuwa ameondoka nyumbani mwezi uliopita kwenda kutafuta kazi Katwe, kwenye ziwa la chumvi, na simu yake ilikuwa imezimwa majuma mawili. Mama alikuwa tayari na wasiwasi. Barua ilipofika hakuna aliyeshangaa. Wakadhani kanisa limepata habari kutoka hospitali fulani na kwamba mwili uko kwetu.

Nilimwambia nitampigia tena, nikaishusha simu, nikaenda kwenye droo, nikaipiga goti, nikafungua bunda. Kadi ya Kitswamba ilikuwa ya saba. Nikaiweka mezani karibu na ile ya Bwera nikazitazama, nikaona kitu ambacho kingenionyesha yote siku ile ya kwanza kama ningetazama kwa macho ya mtu badala ya macho ya stoo. Wote wawili walibatizwa mwezi mmoja, mmoja Kitswamba na mwingine Bwera. Hakuna anayebatizwa mara mbili. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Nasimiyu alisoma kadi zote mbili akiwa amesimama. Nilimwambia nitampigia Bwambale sasa hivi nimweleze, wale watu watawanyike. Akaniambia habari ya namna hiyo haipigiwi simu. Nikasema barabara ni mbaya, mvua imenyesha. Akasema, "Mimi ndiye niliyemliza yule mama. Mkono ni wangu. Chukua ufunguo wa gari."  Alikuwa garini kabla sijaupata ufunguo.

 Tulipita Kikorongo tukashika njia ya mpakani, na ndipo lilipoanza kunijia jambo ambalo sikuwa nimelitazama. Mimi nilijua tu kwamba Biira aliyekufa ni wa Kitswamba. Kwamba wa Bwera yu hai, hilo sikulijua. Nilikuwa nimelikisia. Msichana ambaye hasikiki majuma mawili anaweza kuwa chochote. Nilimwomba Mungu kwa maneno ambayo mzee wa kanisa hapaswi kuyatumia.

Tulikuta turubai limefungwa mbele ya nyumba, mikeka imetandikwa, moto unafuka, na masufuria makubwa ya sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, yamewekwa juu ya mafiga. Majirani walileta unga wa muhogo, maharage, samaki. Walitupokea vizuri mno. Walitupa viti, wakatuletea maji ya kunawa, wakatushukuru kwa kuja. Kila shukrani ilinichoma. Mama alikuwa ndani, amekaa chini ameegemea ukuta, na barua ilikuwa imekunjwa kwenye fundo la kitenge chake. Nasimiyu alipiga magoti mbele yake. Mimi pia nikapiga magoti, mgongo na yote.

Nikasema polepole, Bwambale akitafsiri kwa Kikonzo kwa ajili ya wazee, kwamba barua ile ilikuwa kosa langu, kwamba nilichanganya kadi, kwamba aliyekufa ni binti wa nyumba nyingine.  Mama alinitazama. Kisha akauliza kwa Kiswahili cha kwao, bila hasira hata kidogo, "Munajua, ao munafikiri?"

Ningeweza kusema najua. Vijana, mtakutana na swali hilo katika kazi, na mtasikia hamu kubwa ya kusema mnajua. Nikamjibu, "Nafikiri, mama." Akatikisa kichwa, akasema, "Basi mimi ningali nalia. Mumulete, nimuone na macho." Akageuka akatazama ukuta.

Kaka yake mkubwa, mwanajeshi mstaafu ambaye nyumba nzima ilimwita Afande, alisimama mlangoni akatoa amri kana kwamba tuko kambini. Hakuna mtu anatoka matangani. Turubai inabaki. Sufuria inabaki. Akaninyooshea fimbo: "Mzee, wewe enda Katwe. Haraka." Nilimtazama mke wangu. Nasimiyu alikuwa tayari amekaa kwenye mkeka karibu na mama, amevua viatu. Akasema yeye anabaki hapa mpaka nirudi, na kama msichana hapatikani, bado anabaki. Ndani yangu nilikasirika, kwa sababu niliogopa, na kwangu vitu hivyo viwili huja pamoja.

Nilikwenda na Bwambale. Kwenye kizuizi cha barabarani askari kijana alitaka kujua tunakwenda wapi kwa kasi ile. Nikamwambia tunamtafuta mtu aliyekufa ambaye labda yu hai. Alinitazama, akamtazama Bwambale, akaona tai yake, akasema, "Pita, mzee." Mpaka leo sijui alidhani nini.

Katwe mnaijua, lile ziwa lenye harufu yake, na kandokando vidimbwi vya chumvi vimekatwa kwa magogo na udongo, kila kimoja na mwenyewe. Jua lilikuwa katikati ya kichwa. Wanawake walikuwa wamesimama ndani ya maji ya chumvi mpaka magotini wakikusanya chumvi kwa mikono. Nilisimama juu ya ukingo, nikajaza kifua hewa, nikaita Biira. Wanawake watano waliinua vichwa.

Bwambale alicheka. Alijaribu kujizuia, mtu mpole yule, akashindwa, akaketi juu ya gogo akicheka mpaka machozi. Na mimi nikacheka, nikiwa na kiwewe namna ile. Kisha akasimama akaita jinsi mwenyeji anavyoita. Akauliza yuko wapi Biira wa Masika wa Bwera, wa nyumba iliyo nyuma ya soko, mdogo wake na Masika fundi wa nguo, mpwa wa Afande. Vichwa vinne vikarudi kwenye kazi. Cha tano kikabaki juu.

Alikuwa msichana mwembamba mwenye kofia ya jua, miguu imepasuka kwa chumvi. Simu yake ilikuwa imeangukia kwenye kidimbwi, alisema, na alikuwa akingojea mwisho wa mwezi anunue nyingine. Aliuliza kama mama ni mgonjwa. Bwambale alimweleza. Alicheka kidogo, kwa kuwa ni jambo la kuchekesha mtu kuambiwa amekufa, kisha akasikia kwamba mama yake amekaa chini siku ya tatu, akaacha kucheka, akaanza kupanda ukingo bila hata kunawa chumvi. Nilimpa mkono kumvuta. Niliushika ule mkono kupita kiasi, nikamwona ananishangaa, na sikuweza kuuachia. Nashukuru kwa mambo mengi katika maisha yangu, lakini sijawahi kushukuru kama nilivyoshukuru kwa joto la mkono ule.

Tulifika Bwera jua likiwa bado juu ya milima. Watu walipomwona akishuka garini hawakupiga vigelegele. Walimpisha njia. Mama alikuwa ametolewa nje, amekaa na Nasimiyu, vichwa vyao vimekaribiana. Alimtazama binti akija. Alimshika uso, akamshika masikio, akainama akamshika miguu ile iliyopasuka, akaitazama mmoja mmoja. Kisha akampiga kofi la bega, kofi la kweli, akamwuliza kwa nini hakuazima simu ya mtu. Hapo ndipo watu walipoanza kucheka na kulia pamoja, na Afande akageuka kutazama migomba kwa muda.

Nilidhani yamekwisha. Nilianza kutafuta maneno ya kuomba msamaha na kuaga, nikitamani gari tu. Turubai lilikuwa linafunguliwa tayari. Mama akainua mkono, wakaacha kufungua. Akatoa ile barua kutoka kwenye fundo la kitenge, akaishika mbele yangu.

"Muzee. Sasa hii barua ilikuwa ya nani?"

Nikamwambia ni ya mama mmoja wa Kitswamba. Akauliza jina. Nikasema Masika. Hata yeye alitabasamu kidogo. Akauliza kama huyo mama amepata barua. Nikasema bado. Akauliza kama kuna mtu wa ofisi aliyekwenda kwake. Nikasema hapana, kwa sababu sisi tulikuja huku. Akanitazama, na kwa mara ya kwanza siku ile niliona hasira machoni pake, na haikuwa kwa ajili yake mwenyewe.

Hakula, hakuoga. Alisimama akaanza kuelekeza. Unga wa muhogo ulioletwa na majirani urudishwe kwenye magunia. Maharage pia. Samaki wafungwe. Jirani mmoja aliuliza kama anataka kila mtu achukue chake arudi nacho nyumbani. Akamjibu kwamba chakula hiki kililetwa kwa ajili ya Biira aliyekufa, na Biira aliyekufa yuko, kwa hiyo kitakwenda kwake. Hakuna aliyebisha. Wengine waliongeza.

Tulilala Bwera usiku ule, na asubuhi tukaondoka, nyuma ya pikapu kumejaa magunia na wanawake sita, na Biira mwenyewe katikati yao. Nitakatiza kidogo hapa, niwaambie la kazi kabla sijafika mwisho, maana nikishafika sitaweza kuwaambia tena. Mtaona katika kadi zetu, na katika kompyuta, kuna nafasi tatu ambazo ofisi nyingine hazina. Ya kwanza ni kijiji na alama ya nyumba. Ya pili ni aliyemtangulia kuzaliwa na anafanya nini. Ya tatu ni nani anayemjua. Tuliziongeza mimi na Nasimiyu, na tukarudi nyumba kwa nyumba kuzijaza, yeye akiuliza, mimi nikiandika, kwa amri yake. Mtaambiwa zinachelewesha kazi. Zinachelewesha kweli. Zijazeni. Na kila mtu akifa, msiandike barua mpaka mmoja wenu amekwenda akasimama mlangoni, na barua aende nayo mkononi.

Tulifika Kitswamba kabla ya saa sita. Matanga yalikuwa yamekwisha, mikeka imeshakunjwa, kaburi nyuma ya kahawa lina udongo mpya. Mama alikuwa akichambua maharage peke yake. Baba Baluku alitoka, akatutazama, akatuambia wazi kwamba amekuwa akimwuliza mkewe ni kanisa gani hilo, ambalo binti amelitumikia akiimba kila Jumapili, na amezikwa bila hata karatasi moja kutoka ofisini. Vijana wetu wawili walikuja mazishini, alisema, wakalia, lakini wao ni watoto.  Nilisema ni kosa langu, nikaanza kueleza habari za kadi, nikasikia jinsi zinavyosikika kama upuuzi, nikaacha katikati.

Masika wa Bwera, mama yake Biira aliye hai, alinipita. Alikwenda akakaa chini mbele ya Masika wa Kitswamba, akachukua maharage kiasi kutoka kwenye ungo, akaanza kuchambua naye. Walichambua muda kidogo. Kisha akatoa barua, akampa Nasimiyu, na Nasimiyu akaisoma, maneno yake mwenyewe, kwa sauti ambayo ilikatika mara mbili. Karatasi ilikuwa na madoa ya machozi mahali pengi, wino umetawanyika. Yule mama aliuliza kwa nini barua imelowa.

Masika wa Bwera akasema, "Nilimulilia mutoto wako siku tatu. Sikujua ni wako."

Masika wa Kitswamba aliacha maharage. Alimtazama huyu mgeni, akamtazama yule msichana mwembamba mwenye miguu iliyopasuka aliyesimama nyuma yake akiwa hai, na nadhani alielewa yote bila maelezo yangu. Akauliza swali moja tu.

"Ulipolia, ulimuita nani?"

"Nilimuita Biira."

"Basi alikusikia," akasema, akaiweka ile barua iliyolowa kwenye fundo la kitenge chake, na wanawake wakaanza kushusha magunia.